Mdomo sungura: Mshono wa kwanza si mwisho wa safari

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

USIPOZIBA ufa utajenga ukuta. Methali hii huzungumzia nyumba, lakini kwa familia iliyopata mtoto mwenye mdomo uliopasuka, tatizo ambalo wengi hulifahamu kwa jina la mdomo sungura, inabeba maana iliyo karibu zaidi na mwili wa binadamu.

Kwa mzazi anayeishi katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kagunga iliyo jirani na mpaka wa Burundi hadi Kalya upande wa kusini, safari ya kuuziba ufa huo huanzia majini. Husafiri kwa boti hadi Kigoma mjini, kisha hospitali ya mkoa ya Maweni, na pengine hupewa rufaa ya kwenda Mwanza au Dar es Salaam, mji ambao kwa njia ya reli uko umbali wa zaidi ya kilomita 1,200.

Mtoto anaporejea nyumbani akiwa na mdomo ulioshonwa, furaha hutawala. Majirani huja kumwona, picha hupigwa, na wengi huamini kuwa shughuli imekwisha.

Hata hivyo, kwa watoto wengi ambao ufa wao haukuishia kwenye mdomo bali uliendelea hadi kwenye ufizi na kaakaa, mshono huo ni hatua ya kwanza tu. Ipo hatua nyingine ambayo wazazi wachache huelezwa mapema: mtoto afikapo umri wa kati ya miaka minane na kumi na mmoja, hulazimika kurudi hospitali ili achukuliwe kipande cha mfupa kutoka kwenye nyonga na kupandikizwa kwenye ufizi.

Ni hatua hiyo ambayo katika miaka ya karibuni imewashughulisha watafiti wa tiba katika nchi mbalimbali. Wanajiuliza mambo matatu: namna ya kupunguza maumivu ya nyonga yanayompata mtoto baada ya upasuaji, namna ya kupunguza makovu ya mdomoni na nyongani, na kama iko siku nyonga haitaguswa kabisa.

Ufa hutokea lini?

Uso wa mtoto hujengeka mapema mno tumboni. Mdomo wa juu hufanyika kati ya wiki ya nne na ya saba ya ujauzito, wakati sehemu za uso zinazokua kutoka pande mbili zinapokutana na kuungana. Kaakaa, yaani paa la kinywa, hufuata kati ya wiki ya sita na ya tisa.

Sehemu hizo zisipoungana sawasawa, ufa hubaki. Unaweza kuwa mkato mdogo kwenye mdomo, unaweza kupanda hadi tundu la pua, na unaweza kupita kwenye ufizi hadi nyuma ya kaakaa. Unaweza kuwa upande mmoja au pande zote mbili.

Duniani kote hukadiriwa kuwa mtoto mmoja kati ya takriban 700 huzaliwa na tatizo hili la mdomo, la kaakaa, au yote mawili. Jamii za Asia huwa na idadi kubwa zaidi, na zile za Afrika huwa na idadi ndogo kuliko nyingine.

Wataalamu wanaeleza kuwa hakuna sababu moja. Urithi wa vinasaba huchangia, na vilevile mambo yanayompata mama katika majuma ya mwanzo ya ujauzito, yakiwamo uvutaji wa sigara, kisukari kilichokuwapo kabla ya mimba, na baadhi ya dawa za kifafa. Katika familia nyingi chanzo hakijulikani kamwe.

Kinachojulikana ni kwamba tatizo hili si laana, si adhabu ya kumcheka mlemavu, wala halihusiani na mnyama sungura ambaye jina lake limebebeshwa mzigo usiomhusu. Mama anayelaumiwa na ukweni kwa kuzaa mtoto wa namna hiyo huonewa mara mbili.

Upungufu wa foliki asidi, aina ya vitamini B, umechunguzwa kwa muda mrefu kama moja ya vichocheo. Ushahidi wake kwa mdomo sungura hauna uzito kama ule uliopo kwa mtoto kuzaliwa na mgongo wazi, lakini mama hashauriwi kusubiri ubishi huo uishe ndipo aanze kuutumia.

Tatizo ni muda. Wajawazito wengi hufika kliniki kwa mara ya kwanza baada ya mwezi wa tatu, wakati mdomo wa mtoto umekwisha kujengeka. Vidonge wanavyopewa huwafaa kwa kuongeza damu, lakini kwa mdomo vimechelewa.

Kanuni za mwaka 2011 za urutubishaji wa vyakula nchini zilielekeza virutubisho viongezwe kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Kwa Kigoma, ambako ugali wa muhogo kwa dagaa au migebuka ni chakula cha kila siku katika nyumba nyingi, unga unaotoka kwenye mashine ya kijijini haupitii kwenye utaratibu huo.

Kumbukumbu za Bugando

Hospitali ya Rufaa ya Bugando jijini Mwanza kwa miaka mingi imekuwa ikipokea wagonjwa wa rufaa kutoka mikoa ya Kanda ya Ziwa pamoja na Tabora na Kigoma. Mwaka 2011 watafiti walichapisha uchambuzi wa mafaili ya hospitali hiyo ya kipindi cha miaka mitano, ambamo walikuta watoto 240 waliofikishwa kwa matatizo ya mdomo na kaakaa zilizopasuka.

Waliokuwa na ufa wa mdomo pekee ndio walioongoza kwa idadi, wakifuatiwa kwa karibu na waliokuwa na ufa wa mdomo pamoja na kaakaa. Hali hiyo ni tofauti na kumbukumbu za nchi kama Denmark, ambako kundi la pili ndilo kubwa.

Takwimu za hospitali zina kasoro moja ya asili: huhesabu waliofika. Mtoto aliyefariki kwa kushindwa kunyonya kabla ya kupata nauli, au aliyefichwa ndani kwa aibu, hayumo kwenye faili lolote. Ufa wa kaakaa pekee, usioonekana kwa nje, huweza kupita bila kugunduliwa iwapo mkunga hakumfungua mtoto kinywa na kumulika.

Kwa sababu hiyo, wataalamu husisitiza kuwa kila mtoto anayezaliwa, awe zahanati au hospitalini, atazamwe kaakaa kwa macho na kupapaswa kwa kidole safi siku hiyo hiyo ya kuzaliwa.

Kwanza ashibe

Kabla ya kisu kuna kijiko. Mtoto mwenye ufa wa mdomo pekee mara nyingi huweza kunyonya akisaidiwa kuweka titi vizuri. Mwenye ufa wa kaakaa hushindwa kuvuta kwa sababu hewa hupita kati ya kinywa na pua, na maziwa humtoka puani.

Huyo anahitaji maziwa ya mama yaliyokamuliwa, anyweshwe kidogo kidogo kwa kikombe au kijiko safi akiwa ameinuliwa kichwa, na acheulishwe mara kwa mara. Uzito wake upimwe kila anapopelekwa kliniki.

Uzito huo ndio pasi yake ya kuingia chumba cha upasuaji. Kwa zaidi ya nusu karne madaktari wa fani hii wamefuata kanuni rahisi ya kumi tatu: mtoto awe na umri usiopungua wiki 10, uzito wa ratili 10, ambazo ni takriban kilo 4.5, na wingi wa damu usiopungua gramu 10. Mtoto dhaifu huahirishwa, maana hatari kubwa kwake haimo kwenye mshono bali kwenye dawa ya usingizi.

Kwa kawaida mdomo hushonwa mtoto akiwa na umri wa kati ya miezi mitatu na sita, na kaakaa hufuata. Hapo ndipo utafiti mmoja mkubwa ulipoleta jibu lililosubiriwa kwa miaka mingi.

Katika utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2023, watoto 558 wenye ufa wa kaakaa pekee katika vituo 23 vya Ulaya na Amerika ya Kusini waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipangiwa upasuaji katika umri wa miezi sita, na jingine katika umri wa miezi 12. Walipotimiza miaka mitano walipimwa usemaji wao.

Waliofanyiwa mapema walionekana kunufaika. Asilimia 8.9 yao ndio kaakaa lao lilishindwa kuziba vyema njia ya pua wakati wa kuzungumza, wakati kwa waliosubiri hadi mwaka mmoja idadi hiyo ilikuwa asilimia 15.

Somo lake kwa mwambao wa Tanganyika si kwamba kila mtoto apelekwe kisuni akiwa na miezi sita, kwa kuwa utafiti ule ulihusu watoto wenye afya njema mbele ya wataalamu wa usingizi waliozoea watoto wachanga. Somo ni kwamba kila mwezi unaopotea kwa kutafuta nauli una bei yake, na bei hiyo hulipwa na ulimi wa mtoto.

Kovu la mdomo

Hakuna upasuaji usioacha kovu. Ustadi wa daktari ni kulificha mahali ambapo jicho halitaliona.

Mwaka 1955 daktari wa Kimarekani, Ralph Millard, aliyekuwa amewashonea watoto midomo nchini Korea, aliwasilisha mjini Stockholm mbinu ya kuzungusha na kusogeza nyama ya mdomo ili mstari wa mshono ufuate mfereji wa asili ulio kati ya pua na mdomo. Mbinu hiyo, pamoja na marekebisho yake, bado ni miongoni mwa zinazotumika zaidi duniani.

Lakini mdomo hautulii. Misuli inayouzunguka huuvuta mshono kila mtoto anapolia, anapocheka na anaponyonya. Kovu linalovutwa hupanuka.

Watafiti wa Hospitali ya Chang Gung nchini Taiwan walilijaribu wazo la kuilegeza misuli hiyo kwa muda kwa kuichoma sindano ya sumu ya botulini, dawa ile ile ambayo wengi huisikia kwa habari za urembo. Matokeo yao ya mwaka 2014 yalionyesha makovu membamba zaidi kwa waliochomwa dawa kuliko kwa waliochomwa maji ya chumvi. Bado si tiba ya kawaida kwa kila mtoto.

Liko pia suala la namna kovu linavyopimwa. Kipimo kinachotumika sana, kilichobuniwa Vancouver nchini Canada na kuchapishwa mwaka 1990, hutazama rangi, unene, ulaini na wekundu wa kovu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu ni vigumu kuuona, ilhali kovu lililovimba na kuota kama uvimbe huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika. Kwa maneno mengine, wanaosumbuliwa zaidi na makovu ndio ambao kipimo hakikuwafikiria vya kutosha.

Kwa mzazi, mambo ya msingi ni machache. Mshono uwekwe safi, mtoto asiuguse, na kidonda kisipakwe majivu, dawa ya meno wala majani. Baada ya kupona kabisa, na kwa maelekezo ya daktari, kovu hukandwa taratibu kwa kidole na kukingwa na jua kali. Kovu huweza kuwa gumu na lenye rangi nzito katika miezi ya mwanzo, kisha hulainika kadiri mwaka unavyopita. Asikate tamaa mapema.

Kwa nini nyonga?

Ufa unapopita kwenye ufizi, huacha pengo kwenye mfupa wa taya la juu. Kushona nyama ya juu hakujazi pengo hilo. Mtoto hukua, meno ya utoto yanang'oka, na jino la kudumu linalopaswa kuota hapo, hasa chonge, hukosa mfupa wa kusimamia. Pua ya upande huo hubaki imelala kwa kukosa msingi, na mara nyingi hubaki kitundu kinachopitisha maji na chakula kutoka kinywani kwenda puani.

Katika miaka ya 1950 na 1960 baadhi ya madaktari wa Ulaya walijaribu kulijaza pengo hilo kwa mfupa mtoto akiwa bado mchanga. Wengi waliiacha njia hiyo ilipobainika kuwa huzuia ukuaji wa taya.

Mwaka 1972 Philip Boyne na Ned Sands wa Marekani walieleza njia ya kusubiri hadi meno yanapobadilika. Timu ya Oslo, Norway, iliifuatilia kwa idadi kubwa ya wagonjwa na kuchapisha matokeo yake katika miaka ya 1980, na tangu hapo umri wa kati ya miaka minane na 11, kabla chonge haijatoka, umekuwa ndio wakati unaokubaliwa na wengi.

Mfupa unaopendelewa ni wa ukingo wa nyonga, pale kanga au mkanda wa suruali unapofungwa. Ndani yake mna mfupa laini wenye matundu kama sifongo, uliojaa chembe hai zinazoweza kujenga mfupa mpya. Kwa kuwa ni wa mtoto mwenyewe, mwili haukatai.

Daktari hufungua mkato mdogo, huinua gegedu lililofunika ukingo huo kama mfuniko, huchota mfupa laini na kurudisha mfuniko mahali pake. Umbo la nyonga hubaki kama lilivyokuwa.

Maumivu yanayopimwa kwa sura

Jambo ambalo huwashangaza wazazi ni kwamba baada ya upasuaji huo, mtoto mara nyingi hulalamikia nyonga kuliko mdomo. Hutembea akichechemea kwa siku kadhaa, na baadhi huhisi ganzi upande wa nje wa paja iwapo mshipa wa fahamu unaopita karibu na hapo ulivutwa.

Watafiti humpimaje mtoto kiasi cha maumivu? Humwonyesha picha za sura za watu, kuanzia iliyotulia hadi iliyojikunja kwa uchungu, naye huonyesha inayofanana na anavyojisikia. Huandika pia mtoto alihitaji dawa ya maumivu mara ngapi, alisimama siku gani na alirudi shule lini.

Kwa vipimo hivyo wamelinganisha njia mbalimbali: kumwaga dawa ya ganzi kwenye kidonda kabla ya kukifunga, kuacha humo sifongo linaloyeyuka lililolowekwa ganzi, kupitisha mrija mwembamba wa ganzi kwa siku moja au mbili, au kuchoma ganzi inayolaza mishipa ya fahamu ya upande mmoja wa tumbo. Wapo pia waliojaribu kuchota mfupa kwa chombo chembamba kama bomba badala ya kufungua mkato mrefu.

Tafiti nyingi kati ya hizo ni ndogo na hazikubaliani katika kila jambo, lakini mwelekeo wake ni mmoja. Ganzi iliyowekwa vizuri kwenye nyonga humpunguzia mtoto mateso ya saa za mwanzo, na mkato mdogo humwezesha kusimama mapema.

Hili lina uzito kwa hospitali zenye uwezo mdogo, kwa kuwa ganzi ni dawa ya bei nafuu iliyokwishazoeleka. Kumpunguzia mtoto maumivu hakuhitaji mtambo kutoka ng'ambo.

Maumivu ya kawaida hupungua kila siku ipitayo. Iwapo yanazidi, kidonda kinavimba au kutoa usaha, mtoto ana homa au amegoma kabisa kukanyaga mguu, arudishwe hospitali bila kusubiri, kwa kuwa huenda wadudu wa maradhi wameingia.

Aidha, mzazi amweleze daktari kabla ya upasuaji iwapo mtoto aliwahi kuumwa nyonga au ana selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo duniani. Selimundu huongeza hatari ya usingizi wa upasuaji, na huweza wenyewe kuharibu kiungo cha nyonga kwa kukikosesha damu.

Bila kugusa nyonga

Ndoto ya watafiti ni kuujaza ufizi bila kumfungulia mtoto kidonda cha pili. Mwaka 1965 Marshall Urist wa Marekani alionyesha kuwa ndani ya mfupa kuna kitu kinachouamuru mwili ujenge mfupa mpya. Miongo iliyofuata protini hiyo ilitengenezwa maabara, na mwaka 2002 Marekani iliiruhusu itumike kwa upasuaji wa mgongo wa watu wazima.

Madaktari kadhaa wameijaribu kwenye ufizi uliopasuka. Mfupa uliota na nyonga ikanusurika, lakini uvimbe mkubwa wa uso baada ya upasuaji, gharama yake, na ukweli kwamba haikuidhinishwa kwa watoto vimeifanya iendelee kutazamwa kwa tahadhari.

Nchini Brazil, watafiti wa Hospitali ya Sírio-Libanês ya São Paulo wamefuata njia nyingine: kuchukua chembe hai shina kutoka ndani ya jino la utoto la mgonjwa mwenyewe, kuzikuza maabara na kuzirudisha kwenye pengo la ufizi. Idadi ya waliotibiwa hivyo bado ni ndogo, lakini wazo lenyewe linavutia: jino ambalo kwetu mtoto hulirusha juu ya paa, huko hutunzwa kama akiba.

Maswali ya mwambao

Tafiti nyingi zilizotajwa zilifanyika mbali na hapa, na maisha ya mtoto wa mwambao yana maswali yake. Mtoto wa mjini Oslo anayechechemea hupelekwa shule kwa gari. Wa kijiji cha ziwani hutembea kwa miguu, huchota maji, na hurudi nyumbani kwa boti inayopigwa na mawimbi. Ni siku ngapi apumzike mjini kabla ya kupanda boti hiyo? Nani atamlisha yeye na mama yake siku hizo? Ni maswali ya utafiti pia, na wanaostahili kuyauliza ni wataalamu walio karibu nayo.

Swali jingine ni la fedha. Sera ya afya nchini huwasamehe malipo watoto wa chini ya miaka mitano. Mshono wa mdomo na wa kaakaa huangukia ndani ya umri huo, ilhali upandikizaji wa mfupa huja miaka mitatu au zaidi baada ya msamaha kwisha. Mashirika ya hisani, likiwamo Smile Train lililoanzishwa mwaka 1999, hugharimia upasuaji katika hospitali zinazoshirikiana nayo, lakini mzazi asiyejua kuwa hatua hiyo ipo hawezi kuiomba.

Kambi za upasuaji zinazofika mikoani zimewasaidia wengi. Udhaifu wake ni kwamba daktari huondoka na kumbukumbu hubaki vipande vipande. Mtoto aliyeshonwa mdomo akiwa na miezi minne hana anayemkumbuka akiwa na miaka tisa, isipokuwa mama yake na karatasi aliyopewa.

Na iwapo siku moja mzazi ataombwa mwanawe ashiriki katika utafiti, ana haki zake. Utafiti wa afya nchini hupaswa kupata kibali cha maadili kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Mzazi aelezwe kwa lugha anayoielewa, apewe nafasi ya kuuliza, na aweze kukataa au kujitoa bila mwanawe kunyimwa matibabu ya kawaida. Mtoto wa miaka tisa naye asikilizwe, kwa kuwa nyonga ni yake.

Kabla ya kuondoka hospitali

Wataalamu wanamshauri mzazi asiondoke na mtoto aliyeshonwa mdomo kabla ya kupata majibu ya maswali manne. Je, ufa wa mwanangu umefika kwenye ufizi au kaakaa? Upasuaji unaofuata ni lini na wapi? Mfadhili anayelipia leo atalipia na huo? Na nani wa kumpigia simu iwapo kuna tatizo?

Majibu hayo yaandikwe kwenye kadi ya kliniki ya mtoto na kadi itunzwe pamoja na cheti cha kuzaliwa. Meno ya mbele ya utoto yanapoanza kung'oka, kwenye umri wa miaka sita au saba, iwe ndiyo ishara ya mzazi kuanza kuulizia nafasi, ili daktari apige picha ya taya na kupanga muda kabla chonge haijatoka.

Walimu wa shule za msingi nao wana nafasi yao. Mtoto anayezungumza kwa sauti ya puani, anayetokwa na maji puani anapokunywa, au ambaye jino lake limekataa kuota penye kovu, si wa kuchekwa wala kukalishwa nyuma. Huenda ni mgonjwa ambaye matibabu yake yaliishia katikati kwa sababu hakuna aliyeiambia familia yake kuwa yalikuwa yanaendelea.

Ufa wa mdomo huonekana na kila mtu, ndiyo maana huzibwa kwanza. Ule wa kwenye mfupa hauonekani, na ndio ambao mtoto wa Kigoma yuko katika hatari ya kuachiwa maisha yake yote.